Hafla ya Hewa Ukaa

Usiku wa jana niliota nimeitwa kusherehesha hafla ndani ya tope. Sikushangaa. Mimi ndiye Mpili, mshereheshaji. Wilaya hii mtu akitaka kuoa, kuoza au kuzindua kisima, ananitafuta mimi. Kilichoniudhi ni kwamba mwaliko uliandikwa kwenye jani la mkoko, na jina langu wamelikosea.

Ngoja niseme ukweli kabla sijaendelea. Leo saa nne asubuhi nilitakiwa kusherehesha uzinduzi hapa kwetu Kisimachumvi. Mwekezaji anafyeka mikoko achimbe mabwawa ya kufugia kamba. Mikoko hiyo mke wangu Somoe na wenzake wameipanda kwa mikono yao, miaka tisa, tope mpaka mapajani. Nilipomwambia kazi ni kazi, Somoe alininyamazia. Siku tatu hakunisemesha. Chakula anaweka mezani, maneno haweki.

Basi, naingia. Chini ya tope kuna ukumbi, safu baada ya safu za viti, zinashuka mpaka macho yanakoma. Waalikwa wamejaa, weusi tii, wametulia tuli. Mlangoni kuna mhudumu mwenye magando mawili, moja kubwa, moja dogo.

"Kaa," ananiambia.

"Ahsante, nitasimama. Kazi yangu ni ya kusimama."

"Sikukaribishi. Najitambulisha. Mimi ni kaa."

"Aa. Na hawa?"

"Hewa ukaa. Wamekaa."

Safu ya mbele ni vijana, wametokana na majani yaliyoanguka mwaka huu, bado wanachezacheza miguu. Chini kabisa amekaa bibi mmoja. Namwamkia.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Mwaka wa elfu tatu huu, nipo hapa hapa."

"Hujachoka?"

"Wanaochoka ni waliosimama. Mwenzetu akisimama tu, tope linamwachia, anapaa. Na huko juu hakuna viti, mjukuu wangu. Wanazunguka angani na mablanketi, wanawafunika ninyi. Ndiyo maana siku hizi mnatokwa jasho mpaka mwezi wa sita."

"Na wakisimama wote?"

"Mungu apishie mbali. Blanketi hilo hutalivua."

Nikaogopa. Mimi, niliyewahi kusherehesha harusi iliyogeuka ngumi, nikaogopa.

Mara ukumbi haupo, tuko uwanja wa shule ya msingi, lakini tope ni lile lile na viti ni vile vile. Kipaza sauti nilichopewa ni tunda la mkoko, refu, la kijani. Mizizi ya mkoko aina ya mchu imechomoza kila mahali, imenyooka kama mikono ya wajumbe wenye hoja.

"Taarifa!" unasema mzizi mmoja. "Mgeni rasmi amefika."

Mgeni rasmi ni katapila. La njano, limevaa kaunda suti, linanuka dizeli. Linakuja taratibu, kama wageni rasmi wote waliochelewa makusudi.

Sasa, ninyi itifaki mnaijua. Mgeni rasmi akiingia, watu husimama. Miaka kumi na minane nimelisema neno hilo. Mdomo wangu haukuniomba ruhusa.

"Ndugu waalikwa," nasema, "naomba tusi..."

Tope linatoka povu. Safu ya mbele wameshainua matako. Mmoja anachomoka, pwa! anapotea angani. Wa pili anamfuata. Bibi ananitazama mimi, hatazami mwingine. Katapila linatabasamu kwa meno yake yote matano.

Mshereheshaji hafuti neno alilokwisha kulitoa. Akilifuta, kesho hana kazi. Lakini kuliongeza, nani kamkataza? Namkumbuka Somoe, tope mapajani, anachomeka mche mmoja, anahesabu hatua, anachomeka mwingine. Navuta pumzi.

"Naomba tusi... si... mame!" nanguruma. "Tusisimame! Mtu asiinue hata kidole!"

Silabi moja tu, jamani! Matako elfu na elfu yanarudi vitini, pu!

"Itifaki haikuzingatiwa!" linafoka katapila.

"Imezingatiwa, mheshimiwa. Kwetu mgeni hasimamishwi. Karibu, kaa."

"Kaa!" inapokea mizizi.

"Kaa! Kaa!" wanaitikia waalikwa wote.

Kaa wenyewe wanadhani wanaitwa. Wanatoka mashimoni, makundi kwa makundi, wanapiga makofi kwa magando. Katapila linatazama huku na huku, limeona haya. Mgeni aliyekaribishwa hivyo atakataaje? Linapandisha suruali kidogo magotini, linakaa. Tope linasema, "Karibu sana." Bibi anapiga kigelegele, mizizi inadakia, na mimi nalia kwa furaha mbele za watu, wala sijali.

Nikaamka. Jua limeshapanda. Somoe kasimama mlangoni, tope mpaka kiunoni, anahema.

"Mpili! Katapila!"

"Limezama?"

"Limekaa! Tako chini, mkono juu ya goti. Lilikuwa linakuja vizuri, injini inaunguruma, limefika ukingoni likakaa tu. Mwekezaji kageuza gari. Kasema mbele ya mwenyekiti wa kijiji na watu wote: hapa hachimbi tena, anatafuta nchi kavu."

Yalikuwa maneno yake ya kwanza kwa siku tatu. Sikuthubutu hata kujikuna.

"Na dereva kapagawa," akaendelea. "Anaapa kamsikia mtu anatangaza kutoka chini ya tope. Eti mtu mwenyewe ana kigugumizi. Tusi, si, si..."

Akanikazia macho.

"Wewe umelala wapi?"

"Hapa hapa."

"Hebu sogea."

Akakaa kitandani na tope lake lote, juu ya shuka jeupe. Nikamsogezea na mto.