Kifurushi Kisicho na Nukta

Wifi yangu, dada wa mume wangu, anakaa meza ya pili kutoka yangu, na mdomo wake haujui likizo. Sote wawili tunaandika programu. Asubuhi hiyo bosi alikuwa anakuja kuona kazi yangu, na alishasema wazi: ikikosea, mkataba wangu hauongezwi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Lugha ya programu huja na vifurushi vyake vya kawaida, yaani vipande vya programu vilivyo tayari kutumika. Hivyo havina shida. Vingine vyote, vya nje au tulivyojiandikia, lazima vikaguliwe mstari kwa mstari. Programu yangu ilitakiwa kusoma msimbo wetu, yaani maandishi ya programu zetu, na kuvitenganisha vifurushi hivyo. Lakini kila ilipokuta kifurushi iliiuliza lugha upya, "Hiki ni chako?", ikajikokota mpaka nikatamani kuizaba kofi.

"Wifi, mbona unajitesa?" akasema, sauti imejaa asali. "Angalia jina tu. Vya nje vina nukta, kwa sababu vinaanza na anwani ya tovuti. Kisicho na nukta ni cha lugha. Kwisha kazi!"

Asali ya wifi naijua mimi! Ana kifurushi chake, kalenda, jina halina nukta, na ukaguzi anauogopa kama sindano. Nikaandika njia yake hivyo hivyo. Kisha pembeni nikaandika yangu: iulize lugha mara moja tu, majibu yote yakae ndani ya programu.

Bosi akaja. Nikaanza na ya wifi. Papo hapo kalenda ikatoka kijani, yaani ya kawaida.

"Kumbe kalenda imekuja na lugha?" bosi akashangaa. "Basi haihitaji mtu wa kuitunza." Akamgeukia wifi, ambaye kuitunza ndiyo kazi yake.

"Weee! Ni yangu!" wifi akaruka. "Nimeiandika mwenyewe, mwanzo mwisho!"

"Kwa hiyo programu imekosea," bosi akasema, akinikazia macho.

"Hiyo ni njia ya wifi, bosi. Yangu hii hapa." Nikabonyeza. Haraka vilevile, kalenda ikatoka nyekundu.

Bosi akacheka mpaka akashika meza. "Mkataba umeupata. Na kalenda ikaguliwe leo leo."

"Na nani?" wifi akauliza.

"Na huyu huyu."

Nikavuta kiti mpaka mezani kwake, nikamwomba asogee kidogo. "Haya, wifi yangu kipenzi, mstari wa kwanza. Huu uliuandika ukiwa macho?"