Optatus Aliita Mara Tatu

Hilaria alikuwa na miaka thelathini na mmoja mumewe alipokufa kwenye mafuriko ya mto Kavuu. Ulikuwa mwezi wa tatu, mpunga umefika kiunoni, na maji yalikuwa yametoka mtoni yakala nusu ya mashamba ya kijiji. Mumewe, Optatus, aliondoka saa sita mchana na mtumbwi kwenda kutazama migono yake ya samaki. Hilaria alibaki kwenye kibanda cha shambani akisonga ugali.

Walikuwa hawasemezani tangu juzi. Optatus alikuwa ametamka kilabuni, mbele za watu, kwamba miaka tisa bila mtoto inatosha, na kwamba baada ya mavuno ataleta mwanamke mwingine. Habari hiyo ilimfikia Hilaria kisimani, kutoka kwa jirani aliyejifanya anamwonea huruma.

Akiwa anasonga, alisikia jina lake likiitwa kutoka upande wa maji. Alidhani mumewe anataka apokewe samaki, akaendelea kusonga. Akaitwa tena. Akasema moyoni, amwite huyo anayetaka kumleta. Kisha akaitwa mara ya tatu, na safari hii haikuwa sauti ya mtu anayetaka kupokewa mzigo. Hilaria aliijua palepale, mwiko ukiwa mkononi. Ilikuwa sauti ya mtu anayekufa. Na bado hakuinuka. Haukuwa muda mrefu, labda wa kugeuza ugali mara tano au sita. Ndipo alipotupa mwiko akakimbia.

Alikuta mtumbwi umepinduka, upondo umekwama kwenye matete, na maji yanapita kama kawaida. Optatus alipatikana siku ya pili, mbali kidogo kule chini. Mama yake, Agatha, alipouliza ilikuwaje, Hilaria alijibu kwamba hakusikia kitu, upepo ulikuwa mkali. Kila mtu alimwamini.

Siku tisa baada ya mazishi, saa sita mchana, Hilaria akiwa jikoni kwa mama mkwe wake, aliitwa kutoka nyuma ya nyumba. Aliitwa mara moja tu, kwa sauti ile ya tatu. Akatoka nje. Hapakuwa na mtu, kuku walikuwa wanachakura kama kawaida. Kesho yake sauti ilitoka kisimani. Siku nyingine ilimjia kanisani, upande wa wanaume, katikati ya watu wanaosali rozari, na alipogeuka aliona hakuna mwingine aliyegeuka. Haikumtisha kama mzimu wa kwenye hadithi. Haikulaumu wala haikutaja chochote. Ilimwita tu, kama mtu ambaye bado ana matumaini kwamba atakuja.

Alivumilia miezi minne. Mpunga ulipovunwa aliaga, akasema anakwenda kwa mdogo wake Gaudensia, aliyekuwa anauza vitenge Majengo, Mpanda mjini. Agatha alimfungia mchele na karanga, akamsindikiza mpaka barabarani. Alimwambia nyumba ni yake hata kama mtoto wake hayupo.

Mpanda kuna kelele. Kuna bodaboda, kuna mashine za kukoboa, kuna redio kila kibaraza. Hilaria alitegemea kelele hizo. Lakini siku ya tatu, saa sita, akiwa anakunja vitenge vya mdogo wake, jina lake lilipita katikati ya kelele zote hizo kama vile zilikuwa zimenyamaza kulipisha.

Gaudensia alipomwona dada yake anakonda, alimpeleka kwenye nyumba ya maombi alikokuwa anasali, chini ya mhubiri aliyeitwa Ponsian. Ponsian hakuwa mtu mbaya. Alifunga na kuomba mpaka sauti ikakauka, na aliamini anachokisema. Alimuuliza Hilaria maswali mengi kuhusu ukoo wa mume, akafumba macho, akasema ameoneshwa: sauti ile ni roho iliyotumwa, na aliyeituma ni mama mzee wa ukweni, ambaye ndiye aliyemla mtoto wake mwenyewe. Hilaria alijua kwamba si kweli. Lakini alisikia pia kitu kinalegea kifuani. Kama ni Agatha, basi si yeye. Hakusema ndiyo wala hapana. Aliinamisha kichwa, akapakwa mafuta.

Wiki tatu sauti haikuja. Alilala, akala, akanenepa kidogo. Ponsian alimwomba atoe ushuhuda Jumapili, na Hilaria akasimama mbele ya watu mia mbili na kipaza sauti mkononi. Alisimulia kwamba aliteswa na sasa yuko huru. Mhubiri alipomuuliza adui alikuwa nani, alisema, "Mama mkwe wangu." Watu walipiga makofi. Na katikati ya makofi yale, kutoka mlangoni, Optatus akamwita.

Hilaria aliutazama mlango. Halafu aliendelea na ushuhuda mpaka mwisho, akisema kwamba sauti haipo tena, huku anaisikia.

Baada ya siku ile hakurudi kwenye nyumba ile ya maombi. Gaudensia alikasirika, wakawa wanaongea kwa shida. Ili asikae nyumbani mchana, Hilaria alianza kwenda kwenye kanisa la parokia kumsaidia mama mmoja aliyekuwa anafagia na kupamba altare. Mama huyo aliitwa Immaculata. Wazazi wake walikuwa Warundi waliokimbilia Katumba, na Kiswahili chake kilikuwa na Kirundi ndani yake bado. Alikuwa haulizi maswali. Walifagia pamoja karibu mwezi mzima, na kila saa sita Immaculata alikuwa akimwona mwenzake anasimama, ufagio mkononi, amegeuza uso kuelekea mahali pasipo na mtu.

Siku moja Hilaria mwenyewe alimwambia. Hakumwambia yote. Alisema kuna sauti ya marehemu inamfuata, amepakwa mafuta, amefunga, ameweka nadhiri, na sasa anamwomba Yesu kila siku aiondoe, lakini Yesu hamsikii. Akamuuliza ni sala gani nyingine iliyobaki.

Immaculata alikaa kwenye benchi. Akauliza, "Mwanangu, unamtafuta Yesu, au unatafuta kimya?"

Hilaria alirudi kufagia.

"Maana akikupa kimya leo, kesho nitakuona tena hapa? Wewe unataka akufanyie kazi halafu aende zake. Yeye mwenyewe humtaki."

Maneno hayo yalimuudhi. Alirudi Majengo mapema, akakaa chumbani na hasira yake. Jioni, wakati Gaudensia anapika, alijaribu kusali ile sala ya kila siku aliyojifunza utotoni, na alipofika pale pa kuomba ufalme wa Mungu uje, alishindwa kuendelea. Aliona kwamba alitaka Mungu atawale kila mahali isipokuwa kwenye ile saa sita ya mchana shambani. Pale alikuwa ameweka mlinzi, naye mwenyewe ndiye aliyekuwa mlinzi. Na kama Yesu yupo popote, alifikiri, basi yupo pale, ananingoja kwenye kibanda na ule ugali. Aliogopa wazo hilo kuliko alivyowahi kuiogopa sauti. Kwa mara ya kwanza hakuomba iondolewe. Alisema tu, "Bwana, nakuja huko uliko. Usiondoke."

Jumamosi alikwenda kuungama. Alimweleza padri yote: mwito wa tatu, mwiko, upepo wa uongo, kipaza sauti. Padri alimpa maondoleo, kisha akamuuliza kama yule mama mkwe yu hai. Hilaria alijibu kwamba yu hai. Padri alisema Mungu ameshamsamehe, lakini huko kijijini kuna mtu anabeba mzigo usio wake, na yeye Hilaria anajua la kufanya bila kuambiwa.

Alikuwa hajui mzigo ule ulivyokuwa mzito. Gaudensia ndiye aliyemfungulia simu akamwonesha. Ushuhuda wake ulikuwa umerekodiwa na kusambazwa, na ulikuwa umefika mpaka kijijini kule Mpimbwe. Shemeji yake, Gelasius, aliyekuwa mdogo wa Optatus, alikuwa ameacha kula kwa mama yake. Majirani walikuwa wameilima njia iliyopita uani kwa Agatha, wakapanda mahindi juu yake. Wiki iliyopita mtu alikuwa ametia moto jiko lake la nyasi. Lilizimwa, lakini hakuna aliyekamatwa, na hakuna aliyekwenda kumpa pole.

"Dada, usiende," Gaudensia alisema. "Watakugeuzia wewe."

Hilaria alipanda basi Ijumaa iliyofuata. Walipopita ndani ya hifadhi ya wanyama, madirisha yalifungwa kwa ajili ya mbung'o, na kwenye daraja abiria wengine wote walisimama kutazama viboko kwenye maji. Yeye alitazama magoti yake. Saa sita iliwakuta njiani. Optatus aliita kutoka porini, na Hilaria akasema kwa sauti ndogo, "Nakuja," mpaka aliyekaa naye akamtazama.

Alifikia kwa katekista wa kigango, kanisa dogo la kijiji, mzee Isidori, akamwomba nafasi ya kusema Jumapili baada ya ibada. Mzee alipomsikiliza alimshauri amwambie Agatha peke yake, yaishe kimyakimya. Hilaria alikataa. Alisema uongo aliusema mbele za watu mia mbili, ukweli hauwezi kusemwa chini ya mwembe.

Jumapili Agatha alikuwa amekaa nyuma kabisa, benchi zima peke yake. Alikuwa amezeeka miaka kumi kwa miezi sita. Hilaria alisimama mbele, bila kipaza sauti. Alisema jina lake na jina la mumewe, kisha akasema, "Aliniita mara tatu. Zote nilisikia. Ya tatu nilijua anakufa, nikakaa, kwa sababu ya hasira. Mama Agatha hana kosa. Hakuna mchawi. Ni mimi."

Mtoto mmoja alilia, akatolewa nje. Gelasius aliinuka akaja mpaka mbele, mkono umeinuliwa, na katekista akamshika. Hilaria hakurudi nyuma. Gelasius alimtemea mate miguuni, akatoka, na wengi wakamfuata. Aliposhusha macho na kuyainua tena, benchi la nyuma lilikuwa tupu.

Alimkuta Agatha nyumbani, amekaa kwenye kizingiti, mbele ya nguzo nyeusi za jiko lililoungua. Hilaria alipiga magoti chini. Mama mkwe alimwacha hapo muda mrefu, jua linachoma.

"Ungewahi?" aliuliza mwishoni.

"Sijui, mama."

"Ungeinuka mara ya kwanza, ungewahi?"

"Sijui. Kila siku najiuliza."

"Basi na mimi nitajiuliza," Agatha alisema. "Umenipa na mimi."

Aliingia ndani akafunga mlango. Hilaria alikuwa ametegemea kwamba ukweli ukishasemwa kutakuwa na wepesi. Wepesi haukuja. Alilala kwa katekista siku ile, na asubuhi yake alikwenda kukata nyasi. Alizibeba mwenyewe, mizigo saba, akaanza kuezeka jiko la Agatha. Agatha alimwona, akapita. Siku ya tatu alimwekea maji ya kunywa juu ya jiwe, akaondoka kabla hayajapokewa. Siku ya sita jirani mmoja alipita na kuuliza hali ya mama, wa kwanza tangu moto.

Kijiji kilimsamehe Agatha haraka, kana kwamba yeye ndiye aliyekosa. Hilaria hakusamehewa. Kisimani wanawake walimpisha asijichanganye nao, na Gelasius alikuwa akimwona njiani anageuka. Aliomba kipande cha shamba cha kukodi, akakipata kule mbali, kwenye mchanga. Alikuwa anaweza kurudi Mpanda wakati wowote. Usiulize kwa nini hakurudi. Katekista aliwahi kumuuliza, naye akajibu kwamba huko mjini alikuwa anaomba na hakuna anayemsikiliza, na hapa, kwenye aibu hii, kuna mtu yuko naye. Hakuweza kueleza zaidi. Alisema tu kwamba asubuhi akiamka anamkuta ameshafika.

Sauti iliendelea. Yeyote anayesimulia kwamba ilikoma siku ile ya kanisani anapamba. Ilikuja saa sita, siku nyingine ikapita bila kuja, kisha ikarudi. Hilaria aliacha kuihesabu. Ilipokuja aliacha jembe, akaiitika kwa jina la mumewe, akamwombea apumzike, akainama tena kulima. Kuna siku alilia, na kuna siku hakulia.

Mvua za mwezi wa kumi na mbili zilianza vibaya, na upepo ukang'oa kibanda alichokuwa anakaa shambani. Alikuwa anaokota vyombo vyake kwenye tope alipomwona Agatha anakuja pole pole na fimbo, kichwani amejifunika gunia la mbolea. Mama mkwe alitazama vyombo, akatazama uwanda wa mpunga mpaka mtoni.

"Sijakusamehe," alisema. "Namwomba Mungu anipe, bado hajanipa."

"Najua, mama."

"Lakini ananiambia nikufuate, na yeye ndiye mkubwa." Aliinama kwa shida, akaokota sufuria, akakung'uta tope. "Chukua hiyo mikeka. Usiku huu jiko uliloniezekea halivuji."

Wakaondoka, Agatha mbele, Hilaria nyuma yake na mikeka kichwani, mvua ikiwa bado inanyesha.