Mahali pa Kumweka Mbwa

Mbwa wa Mkolani walimfahamu Odeta kwa mwendo. Alipopanda kilima na mkoba wa dawa begani, waliolala barazani waliinuka kimya wakajificha nyuma ya nyumba. Alikuwa afisa mifugo wa kata kwa miaka ishirini na mbili. Alikuwa amechanja ng'ombe, amezalisha mbuzi, ametibu kuku wa wajane bila kudai hata asante. Lakini watu waliikumbuka nyama yenye sumu tu, ile aliyoitega alfajiri kila mara mbwa wazururaji walipozidi na amri ikatoka. Usoni aliitwa daktari, kisogoni aliitwa Mama Sumu. Tangu mumewe, Luhende, afariki na mwanawe ahamie Dodoma, hakubisha hodi kwake mtu yeyote asiye na mnyama mgonjwa.

Kilima kilikuwa kikijaa. Kila mwezi majabali yalipasuliwa, na palipokuwa na mijusi jana, leo pakaota nyumba. Watu walikuja na mbwa wa kulinda matofali. Kodi ilipopanda wakahama na vitanda na masufuria yao, mbwa wakaachwa getini. Mmoja wa walioachwa hivyo, wa rangi ya udongo, ndiye aliyemng'ata mguuni Queen, mtoto wa miaka sita.

Odeta alipofika, mbwa alikuwa amefungwa kwenye nguzo ya umeme kwa kamba ya nyavu. Wanaume walimzunguka, mawe mikononi. Shimba, mwenyekiti wa mtaa, alimpisha.

"Daktari, mmalize, watu warudi kwenye shughuli zao."

"Mtoto yuko wapi?"

"Mama yake kamkimbiza hospitali. Kachomwa sindano ya kwanza."

Odeta alichuchumaa. Mbwa hakutokwa na udenda. Alitetemeka tu, mkia ameubana katikati ya miguu. Mwaka juzi, kwenye njia hiyohiyo, mzee Malimi aling'atwa, na mbwa akapondwapondwa kabla Odeta hajafika. Mzee alimaliza sindano zote, akapona jeraha. Lakini kwa miezi mitatu hakumpakata mjukuu. Kila alipokutana na Odeta aliuliza, "Daktari, alikuwa na kichaa yule?" Mbwa wa kupimwa hakuwepo tena.

"Huyu asiuawe," alisema. "Akimaliza siku kumi akiwa mzima, tutajua hakuwa na kichaa alipomng'ata mtoto. Mkimponda kichwa leo, mmeliponda na jibu."

"Sawa. Akae wapi hizo siku kumi?"

Swali lilikuwa la haki. Ofisi ya mtaa ilikuwa chumba kimoja chenye meza na viti vya misiba. Odeta alipiga simu machinjioni, akapiga kwenye zizi la mnada. Kote aliambiwa pale ni pa ng'ombe. Jiji zima, na milima yake yote, halikuwa na mita mbili za kumfungia mbwa. Alikata simu, akafungua kamba kwenye nguzo.

"Atakaa kwangu."

Alimfunga uani, kwenye banda la kuku lililokuwa tupu. Jirani yake, Pius, aliinua ukuta wake kwa mabati siku ileile, na salamu zake zikakoma. Odeta alifungua daftari: amekula, amekunywa, ametembea. Jioni, saa kumi, geti liligongwa. Alikuwa Winnie, mama yake Queen, muuza nyanya wa njia panda. Hakuingia.

"Shikamoo, daktari. Amekula?"

"Marahaba. Amekula ugali wote."

Akashukuru, akaondoka. Kesho yake alikuja tena, na kesho kutwa, saa ileile na swali lilelile. Saa tisa na nusu ilimkuta Odeta ameshafagia uwanja.

Siku ya nne mbwa hakula. Alilaza kichwa chini, akaugeuzia mwanga kisogo. Odeta alimsogezea maji, hakuyagusa. Aliketi mbele ya banda tangu asubuhi, mkono uliotega sumu miaka yote ile ukiwa umeshika kijiko cha mchuzi wa dagaa, akambembeleza kwa Kisukuma kama anayembembeleza mtoto. Saa kumi ilipofika alitamani geti lisigongwe.

"Amekula?"

Uongo ulikuwa karibu, mwepesi kama unyoya. "Hapana, Mama Queen. Leo hajala."

Winnie alishika nguzo ya geti, akaketi chini kwenye vumbi. Odeta alitoka akaketi kando yake. Hakumwambia asiogope. Taa za mjini zilipoanza kuwaka huko bondeni, Winnie akasema, "Nyumbani kila mtu ananiambia nisiwaze. Wewe tu ndiye unayeniambia ukweli."

Asubuhi ya siku ya tano Odeta alipata ujasiri wa kuvaa glavu nene na kumfungua mbwa kinywa. Kipande cha mfupa kilikuwa kimekwama kwenye ufizi. Alipokitoa, mbwa alikunywa maji yote. Saa kumi ile Winnie aliingia ndani ya geti kwa mara ya kwanza, akapewa chai.

Siku ya kumi alikuja na Queen mgongoni. Mtoto alimchungulia mbwa kutoka begani, mbwa naye akapiga mwayo. Winnie alicheka huku machozi yakimdondoka, kisha akambeba mwanawe kwenda nyumbani.

Mkutano wa mtaa ulifanyika Jumapili. Odeta aliomba eneo dogo la umma lijengwe vibanda vya kuwahifadhia wanyama walioachwa na walio chini ya uangalizi. Mtu alipaza sauti: "Zahanati hatuna, mbwa wajengewe nyumba?" Watu wakacheka. Odeta alingoja wamalize.

"Mtaniita tena," alisema. "Nitakuja. Ila sumu sitaitega tena, na ua wangu una banda moja."

Shimba alijikuna kidevu, akaandika kwamba barua itapelekwa halmashauri. Ajenda ikahamia kwenye maji.

Kesho yake, saa kumi, geti halikugongwa. Uwanja ulikuwa umefagiwa. Chai ilipoa kwenye birika, ya watu wawili. Mbwa alilala penye jua. Odeta akafunga geti na kuteremka hadi njia panda, bila mkoba.

Winnie aliinuka haraka. "Daktari! Kuna nini?"

"Hakuna kitu. Nimekuja tu."

Winnie alimtazama, akageuza ndoo tupu, akaifuta kwa kanga. Odeta akaketi. Kirikuu, kigari cha mizigo, kilichosheheni kitanda, magodoro na kabati kilikuwa kikiuhama mtaa polepole, na nyuma yake, mbali kidogo, mbwa mweusi akikimbia kukifuata. Walitazama wote wawili, nyanya mikononi mwa Winnie, mpaka vumbi likafunika gari kwanza, kisha mbwa.