Viwavi wa Shamba la Mmaseabe

Mvua za Januari zilileta nondo wakubwa wenye mistari ya waridi tumboni, nao nondo wakatuachia viwavi. Shamba la jirani yangu Mmaseabe lilikuwa limejaa magugu yatambaayo, na magugu yalijaa viwavi wanene kama kidole gumba, kila mmoja na kipembe chake mkiani. Unamkamua matumbo, unambanika kwenye majivu ya moto, unamwanika, una mboga ya kiangazi kizima. Mmaseabe hakuwa na mboga nyingine.

Ila alikuwa bado amevaa nguo nyeusi za kumwomboleza mumewe. Kwetu, mjane akikanyaga shamba kabla mwaka haujaisha, joto la msiba alilo nalo mwilini hufukuza mvua. Kwa hiyo shamba lililimwa na shemeji yake Ramosweu, mtu ambaye sijawahi kumpenda na sitaanza leo.

"Niruhusu nichume pale pembeni tu," Mmaseabe alimwomba.

"Sheria si yangu, shemeji, ni ya mvua."

"Basi nichumie wewe. Hata ndoo moja."

"Waache wanenepe kwanza. Hao hawana mbawa."

"Wana miguu."

Ramosweu akacheka, akaenda zake kunywa pombe.

Kiwavi akishiba huacha kula, hujisafisha tumbo, hushuka na kutembea akitafuta udongo laini wa kujifukia. Shambani udongo ulikuwa umeshikana kwa kukanyagwa na ng'ombe wa Ramosweu. Nje ya ua wa miiba kulikuwa na mchanga mtupu, na mjane hakatazwi kukaa mchangani. Mmaseabe akatandika gunia, akaketi. Jioni wakaanza kutokea chini ya miiba, mmoja mmoja, kisha makundi kwa makundi. Akawaokota tu, hata kukamua hakuhitaji.

Asubuhi Ramosweu alikuja na ndoo zake, akakuta vikonyo vitupu.

"Umeingia shambani, wewe?"

"Tafuta nyayo zangu."

Akatafuta. Nilimwona akiinama huku na huku kama mtu aliyeangusha sindano, nikafurahi sana. Kisha akaja uani kwa Mmaseabe, sauti imeshuka, akanyoosha ndoo.

"Nigawie basi, shemeji. Si wametoka kwenye jasho langu?"

Mmaseabe aliendelea kuwageuza majivuni. "Ningekugawia. Lakini nimewashika kwa mikono hii hii ya joto. Ukila halafu ukaingia shambani, mvua ikikimbia tutamlaumu nani?"

Ramosweu aliwatazama viwavi, akayatazama mawingu, akaishusha ndoo.