Spika ya Katikati

Miguu yangu ilikuwa imekwisha kabla sijaingia dukani kwa Abdishakur. Hilo lilikuwa duka la saba. Manne nilikuwa nimeyazunguka Bungoma mjini, mawili hapo Kitale, na kila mahali swali ni lilelile: mama, unataka ya bei gani? Hakuna hata mmoja aliyeniuliza ninataka kuona nini, wala kusikia nini. Mtu akichoka vile nilivyokuwa nimechoka anaweza kununua hata pasi, mradi tu atoke barabarani.

Kwenye mkoba nilikuwa na diski moja, nimeifunga kwa kitambaa changu cha kichwa. Ilikuwa harusi ya Kevin, mtoto wetu wa pekee, aliyeoa huko Amerika mwezi wa nne bila sisi. Visa, alisema. Miaka tisa tangu aende, hajarudi hata kumzika nyanya yake, na kila mwaka ni visa. Basi akatutumia harusi yenyewe kwa mtu aliyekuwa anakuja nyumbani, pamoja na kikaratasi cha mistari miwili: "Mama, angalia kwanza ukiwa peke yako. Halafu uamue."

Nilipokisoma nilicheka. Si nilijua ni nini! Wale watu wanabusiana kanisani mbele ya mchungaji, na Kevin ameogopa baba yake akae na wazee wenzake wakitazama mambo hayo. Nikasema, jamani, miaka tisa Amerika na mtoto wangu bado ana heshima.

Lakini Mzee wangu, Wepukhulu, hakutaka kusikia habari ya kuangalia peke yangu. "Harusi ni ya watu," alisema. "Kama hatukuila kule, tutaila hapa Bumula." Kwake hiyo diski ndiyo harusi. Mpaka watu wakae, waombewe, wale, ndipo mtoto awe ameoa. Na ole wako uichungulie kabla ya yeye.

Sasa mnielewe. Mzee ameendesha kinu cha posho miaka thelathini, kichwa chake kando ya injini. Sikio la kushoto limekufa kabisa. La kulia, daktari wa Bungoma alisema linafuata. Kwenye simu hasikii kitu, anaishika tu, anasema "ee, ee," halafu ananirudishia. Miaka tisa hajaisikia sauti ya mtoto wake. Nilikuwa nataka kitu kimoja tu: amsikie Kevin mara moja kabla hilo sikio nalo halijafunga.

Mashine ya kwanza ya kuchezea diski aliichagua mwenyewe, Bungoma. Wauzaji walimwekea muziki, na lile wufa, spika ya mdundo, kubwa kama debe la maji, likamtikisa kifua. "Hii naisikia!" akapiga kelele duka zima. Tukainunua. Tukaita watu, tukachinja kuku, mchungaji akaomba, nikabonyeza. Weee! Picha haikuwa na rangi, na ilikuwa inapanda juu, inapanda, haishiki. Sauti ni bum, bum, bum, maneno yote yamezama humo ndani.

"Mama Kevin," jirani yangu Emmy akasema, na Emmy hana siku anafunga mdomo, "tumeitwa kuona harusi ama kuona mvua?"

Watu wakacheka mpaka wakamwaga chai. Mzee alikaa saa nzima, kiganja nyuma ya sikio, ameinama mbele. Mwishowe akaniuliza, "Huyu ndiye Kevin?" Alikuwa dereva. Nilienda jikoni nikalia, sitaki kudanganya.

Ndiyo maana nilikuwa Kitale, na usiku nilikuwa nimelala kwa dada yangu, mtaa wa Matisi, kwenye kochi lenye chuma kilichonichoma mbavu.

Abdishakur mwenyewe alikuwa ameenda kuswali. Dukani alikuwa mke wake, Nafisa, mwanamke mwembamba mwenye miwani, anafungua redio ya mtu kwa bisibisi. Akaniangalia, akasukuma stuli kwa mguu.

"Keti kwanza, mama. Maneno baadaye."

Nilikaribia kumkumbatia. Nikamweleza yote, mvua ya Emmy, wufa, masikio ya Mzee. Alisikiliza bila kuniingilia hata mara moja, halafu akaniuliza, "Sasa wewe unataka nini, macho ama masikio?"

"Si vyote?"

"Vyote vipo. Lakini mtu huwa na kimoja." Akateremsha mashine mbili. Ya kwanza ilikuwa nyembamba, inang'aa, na picha yake, nawaambia ukweli, ungehesabu nyuzi kwenye shati la mtu. Ya pili ilikuwa nzito, nyeusi, haina uzuri wowote, imekuja na spika tano ndogo na wufa ya kiasi.

"Kwanza ile mvua yenu," Nafisa akasema. "Diski imetoka Amerika. Televisheni zao zina mtindo wao wa kupokea picha, zetu zina wetu. Mashine mliyonunua haijui kubadilisha. Hizi zote mbili zinajua. Hapo umepona." Kisha akashika spika moja ndefu, akaiweka mbele yangu. "Hii inakaa katikati, chini ya TV. Mtu akiongea, maneno yake yanatoka hapa. Hizi zingine ni za muziki na makofi. Watu wakija hapa wanataka wufa tu, ati itikise nyumba. Mzee wako wufa anaihisi kwa kifua, lakini maneno hayasikii. Mtu wa kinu hupoteza sauti nyembamba, zile za s na t. Punguza wufa, pandisha hii ya katikati. Iko na kitufe chake."

Saba, jamani. Maduka saba, na huyu ndiye wa kwanza kuniambia kitu.

"Na asipolipata neno?"

"Bonyeza hapa mwanzo wa maneno, bonyeza tena mwisho wake. Itarudia hapo peke yake mpaka uikataze."

Akaweka diski yangu ajaribu. Magari yakatokea, meupe, na rangi zote, yamesimama wima bila kupanda popote. Mlango wa kanisa. Nikaruka kwenye stuli. "Zima! Zima, binti yangu. Mzee hajaiona."

Alicheka, akazima. "Alienda vipi huko mtoto wako?"

"Wafadhili. Kanisa fulani la huko lilimsomesha tangu darasa la sita, mpaka wakamchukua."

"Una bahati, mama."

"Bahati gani? Fomu nilijaza mimi mwenyewe, na viatu vimekwisha kwa kwenda na kurudi misheni." Nikachukua ile nzito. Picha yake haikuwa nzuri kama ya mwenzake, lakini nilikuwa nimekwisha kuchagua masikio.

Jumapili baada ya kanisa watu wakaja tena. Hakuna kuku mara hii, chai na mahindi ya kuchemsha tu, nilikuwa sina nguvu ya kuchinja kitu. Emmy akaja na mwavuli, ameufungua kabisa ndani ya nyumba yangu, ati mvua isimkute. Nikamwambia kaa chini wewe. Vijana waliniambia watakaa nje, kwao harusi ni pilau, na pilau haipo. Mzee nilimweka kwenye kiti cha mbele, sikio la kulia likielekea spika ya katikati. Wufa nikaipunguza mpaka ikawa inanong'ona.

Mchungaji akaomba, mrefu kama kawaida yake. Nikabonyeza.

Na Kevin akatoka. Kevin wangu, amenenepa, suti ya kijivu, anacheka kwa lile pengo la meno. Mzee akashika mkono wa kiti. Bibi harusi alikuwa mweupe na mrefu, na wanawake wakampigia vigelegele kana kwamba anawasikia. Ilipofika pale pa kubusiana nilikuwa tayari. Nikasimama mbele ya TV na leso yangu nimeitandaza mikono miwili, wazee wakalalamika, Emmy akapiga kelele, "Mama Kevin, toka hapo, tumekuja na nauli!" Tukacheka wote. Nilipoona imepita nikaketi, nikashusha pumzi. Nilifikiri kazi ya kile kikaratasi imekwisha.

Wakaenda ukumbini. Kevin akapewa kipaza sauti. Nyuma yake hakukuwa na muziki, hakukuwa na makofi, ni yeye tu, na spika ya katikati ikamtoa kama yuko kwenye kochi letu.

"Namsikia," Mzee akasema. Akageuka akaniangalia. "Jentrix! Namsikia!" Machozi yalikuwa yanamtoka bila yeye kujua.

Kevin alikuwa anaongea Kizungu cha kule, cha kumeza maneno. Mzee shule yake iliishia darasa la tatu. Emmy Kizungu chake ni cha kusalimia tu. Mchungaji alikuwa na hindi mdomoni. Lakini mimi nilikuwa mwalimu wa msingi miaka kumi na sita, nikasikia kila kitu. Alisema hivi: "Nawakumbuka wazazi wangu. Walilala nikiwa mdogo, huko Bumula, na sikuwahi kuwaaga. Lakini najua leo wanatuona."

Watu wa kule ukumbini wakainamisha vichwa. Bibi harusi akamshika mkono.

Nilikaa hapo. Sijui uso wangu ulikuwaje. Hasira ndiyo iliyokuja kwanza, nilitaka kuchukua ile spika niitupe kwa kinu. Tumekufa? Mimi niliyekutembelea shuleni na sufuria ya kuku kichwani, nimekufa? Halafu hasira ikakosa mahali pa kukaa, kwa sababu nilikumbuka ile fomu.

Mwaka wa tisini. Misheni walikuwa wanachukua yatima peke yao. Kinu kilikuwa kimeharibika, mshahara wangu ni wa kuja leo na kukosa kesho, na mtoto alikuwa wa kwanza darasani na anafukuzwa karo kila wiki. Pale palipoulizwa baba, nikaandika marehemu. Pale palipoulizwa mama, nikaandika marehemu, kwa mwandiko wangu mzuri wa ubaoni. Mzee sikumwambia. Nilimwambia Kevin peke yake, njiani, nikimfunga kamba za viatu. Wakikuuliza, sema hatupo. Usisahau hata siku moja.

Hakusahau.

Ndiyo maana kila mwaka ni visa. Ndiyo maana hakuja kumzika nyanya. Watu wa kanisa lile wote walikuwa pale ukumbini, waliomsomesha, waliompa mke, angewaambia nini? Na alikuwa amenionya. Peke yako, mama, halafu uamue. Nikadhani ni busu.

"Amesema nini?" Mzee akauliza. Nyumba nzima ikanigeukia. "Wewe si mwalimu, tutafsirie. Mbona wameinama?"

"Wanaomba," nikasema.

"Na Kevin amesema nini?"

"Amesema anawakumbuka wazazi wake huko Bumula. Anasema anajua leo tunamuona."

Mzee akasimama, na magoti yake mabovu, akainua mkono wote juu na kuipungia TV. "Tunakuona, baba!" akaita kwa sauti ya mtu asiyesikia sauti yake mwenyewe. "Tuko hapa! Tunakuona!" Na watu wote wakapunga. Emmy pia, na mwavuli wake.

Kevin alipiga simu Jumatano. Alianza na habari ya mvua, na mahindi, na ng'ombe, mpaka yakamwishia.

"Mama, uliangalia peke yako?"

"Peke yangu," nikamwambia.

Nilimsikia anapumua. "Mama, mimi..."

"Suti ilikukaa vizuri," nikasema. "Mwambie mke wako ninamsalimia." Nilisahau kwamba hawezi kumwambia.

Sasa ni miezi mitano. Sikio la Mzee linaenda vile daktari alivyosema, nimepandisha spika ya katikati mpaka mwisho. Kuwasha mashine hajui, lakini kile kitufe cha Nafisa amekijua. Kila Jumapili ananiambia niweke, tunapita magari, tunapita kanisa, tunafika pale. Anabonyeza mwanzo, anabonyeza mwisho, na Kevin anatuzika, anamaliza, anatuzika tena. Mzee anasema hakuna mahali sauti ya mtoto ni safi kama pale. Nami naketi kando yake na kazi yangu ya kushona, na nimechoka, Mungu wangu, nimechoka kuliko siku ile ya maduka saba.

"Jentrix," ananiambia, kiganja nyuma ya sikio. "Hapo anasema nini?"

"Anasema anajua tunamuona."

Basi anainua mkono, anampungia.