Soketi ya Nguzo ya Nne

Ilikuwa siku ya ishirini na tisa ya Herieth kazini. Ya thelathini ndiyo ingeamua kama anaajiriwa au anarudi nyumbani kulea mtoto na kungoja bahati nyingine. Cheti cha ufundi umeme alikipata kwa masomo ya jioni, mtoto akibaki kwa bibi yake, na tangu akipate hakuna aliyempa kazi isipokuwa kambi hii ya wageni wanaolala kwenye magari yao, mbele kidogo ya Mbezi Luis. Hata hapa meneja wake, Wilbert, alimwambia wazi tangu mwanzo: "Mie sitaki fundi wa kunichelewesha wageni. Mgeni akifika, achomeke, apumzike."

Saa nne asubuhi liliingia trela la kulala. Lilikuwa nyumba ndogo ya bati juu ya matairi, ndani kitanda, jiko na friji, mlangoni ngazi ya chuma. Mzee Jaffar, mwenye duka la vitambaa, alikuwa amelivuta toka Iringa, yeye na mkewe Bi Zubeida na mjukuu wao Maisa wa miaka minne. Walikuwa wakienda kwa ndugu yao Sinza, lakini kwa vichochoro vya kule trela lingekwama kama mfupa kooni.

"Shikamoo baba. Shikamoo mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye fundi?" Bi Zubeida alimtazama kuanzia kilemba hadi buti. "Basi fanya hima. Nina samaki wa Mtera kwenye friji, wanakaribia kuniaibisha."

Wilbert aliwapeleka kwenye nguzo ya umeme ya nne, penye kivuli, ambapo majani yalikuwa yametoka kumwagiliwa. Herieth alifungua kifuniko cha soketi, akaingiza vijiti vya mita. Volti mia mbili thelathini.

"Umeme huo," Wilbert alisema. "Chomeka."

Herieth alitoa mkobani globu ya wati mia iliyofungwa kwenye holda yenye waya mbili. Mwalimu wao wa jioni aliwatengenezesha kifaa hicho wiki ya kwanza, darasa zima likacheka. Mita inauliza tu, alikuwa akiwaambia, globu inakula. Aliugusisha waya mmoja kwenye moto, tundu linaloleta umeme, na mwingine kwenye nyutro, linalourudisha, globu ikawaka nyeupe. Kisha akauhamishia ule wa nyutro kwenye ethi, njia inayopeleka umeme uliopotea ardhini. Uzi wa globu ukawa mwekundu, basi.

"Si imewaka?"

"Imewaka kama dawa ya mbu, bosi. Ethi ni kama haipo. Waya ukichubuka humo ndani, umeme utakaa kwenye bati, umsubiri mtu."

Wilbert hakukasirika. "Friji yangu pale Mabibo inatekenya mwaka wa tatu huu. Tunavaa ndala, tunafungua, tunakula. Waambie wavae ndala." Akamsogezea daftari la mapokezi, akaweka kidole mahali pa sahihi ya fundi.

Alisema kweli. Hata kwa kina Herieth kulikuwa na ndala za friji, jozi moja ya watu wote, na hakuna aliyewahi kufa. Alishika kalamu.

Maisa alikuwa amerudi kutoka chooni. Alifika kwenye ngazi, akavua vindala vyake, akavipanga pembeni ya viatu vya babu na bibi. Akasimama peku kwenye majani mabichi, akashika kitasa cha chuma kwa mikono miwili, akajivuta ndani. Hakuna aliyemwambia avue. Mlango wa nyumba yao ulikuwa hivyo siku zote.

Herieth aliiweka kalamu juu ya daftari. "Bosi, hawa ndala zao wanaziacha chini."

"Wapande nazo."

"Nani apande na ndala kwenye busati langu?" sauti ya Bi Zubeida ilitoka dirishani. "Labda Jaffar, kama ameichoka ndoa."

Mzee Jaffar aliinua mikono kuonyesha hayumo.

Wilbert alishusha sauti. "Herieth. Kesho siku gani?"

"Ya thelathini."

"Unajua, na husaini?"

"Sisaini."

"Basi nachomeka mwenyewe." Akauokota waya mnene wa trela.

"Sawa, bosi. Ukishachomeka, vua viatu ukanyage hapo kwenye majani, ufungue mlango kama alivyofungua mtoto." Aliyasema kama mtu anayeomba kupitishiwa chumvi.

Wilbert alisimama na plagi mkononi. Alitazama majani, akatazama kitasa, mwisho akatazama viatu vyake mwenyewe.

"Vipi meneja," Mzee Jaffar alimuuliza, "soksi zimetoboka?"

Plagi ilirudi chini.

Herieth alichimba kwenye kitako cha nguzo. Nondo ya ethi ilikuwa fupi kama mwiko, imechomekwa kwenye mchanga, na waya wake ulishikiliwa na uzi mmoja wenye kutu. Wilbert alikwenda mwenyewe Mbezi kutafuta nondo ndefu ya shaba. Bi Zubeida hakungoja. Aliwasha mkaa, akawakaanga samaki wote, akawapa hadi walinzi wa getini.

Saa tisa nondo mpya ilikuwa imezama yote ardhini na waya mpya umekazwa. Safari hii globu iliwaka nyeupe kwenye nyutro na nyeupe kwenye ethi. Herieth alisaini, akachomeka. Friji ikaanza kunguruma, haina kitu ndani.

Wilbert alikuwa anakula akiwa amesimama, sahani mkononi. "Hizo nguzo nyingine umewahi kuzipima hivyo?"

"Uliniambia nisichelewe."

"Kesho uanze na ya kwanza."

"Na keshokutwa?"

Wilbert alitoa mwiba mdomoni, akauweka ukingoni mwa sahani. "Nguzo zote hizo utazimaliza kwa siku moja?"