Suti ya Njano ya Mzee Machibya

Akelo alikuwa na uhakika kwamba picha ya Mzee Machibya ingemtoa kimaisha. Na kweli ilimtoa, ila si kwa mlango alioutegemea.

Binti huyu alikuwa anamaliza masomo ya upigaji picha katika chuo kimoja cha hapa Mwanza, na shida yake ilikuwa moja tu: Jumamosi. Jumamosi hiyo angekuja chuoni Bi Shamsa, mbunifu wa mavazi mwenye duka katikati ya mji, kukagua majalada ya picha ya wanafunzi na kuchagua mtu wa kumpigia picha nguo zake mpya. Mtu mmoja, basi. Huku nyuma baba yake, mzee Otuoma wa Shirati, alishatoa hukumu kwa simu: "Chuo kikiisha na kazi hujapata, rudi nyumbani uanike dagaa na mama yako." Akelo hakuwa na ugomvi na dagaa, aliwala vizuri tu. Lakini kuwaanika maisha yake yote, hapana.

Jalada lilitakiwa liwe na picha za mitindo na picha za sura za watu. Mitindo ilishamshinda. Alimpeleka mwenzake Winnie kwenye mawe ya Capripoint, akamvalisha gauni la kuazima, akamwambia atazame ziwa kama mtu aliyelinunua. Upepo ukaja, ukachukua wigi, wigi likaelea taratibu kuelekea Ukerewe. Winnie alilia, akatukana, akaapa kwamba akipigwa picha tena na Akelo iwe ya kitambulisho. Na Winnie akiapa, ameapa.

Zikabaki sura. Na pale alipopanga, Kiseke, kulikuwa na sura ya maana: mwenye nyumba wake, Mzee Machibya, fundi cherehani mwenye kibanda Mkuyuni. Mzee alikubali kupigwa picha kwa sharti moja, avae suti yake ya njano. Aliishona mwenyewe, njano ya ndizi mbivu, vifungo vya kahawia, na tangu aimalize hajapata pa kuivaa, maana harusi za siku hizi zote zina sare.

"Binti, suti hii ndiyo mimi," alisema, amesimama wima, mkono mmoja kwenye maua ya plastiki. "Mengine utakayopiga ni nyongeza."

"Nimekuelewa, Mzee," Akelo akajibu, na wala hakuwa ameelewa.

Maana Mwalimu Jonathan wa chuoni alikuwa na msemo wake: rangi ni kelele. Picha ya sura, alifundisha, iwe nyeusi na nyeupe, macho ya mtu yaseme yenyewe. Akelo alimwamini Mwalimu Jonathan kuliko alivyoyaamini macho yake mwenyewe. Alipomaliza kupiga, akayakata maua ya plastiki kwenye picha, akaacha uso na mabega, akaondoa rangi yote. Mzee akatokea mzito, mtulivu, anatazama mbali. Alhamisi jioni, ili ajitangaze kabla Jumamosi haijafika, akaiweka status na kwenye kundi la WhatsApp la mtaa. Chini yake akaandika kwa adabu: Mzee Machibya, fundi cherehani, Kiseke.

Najua umeshashika kichwa. Jamani! Nani asiyejua kwamba mzee wa watu akiwekwa status bila rangi, na jina lake chini, basi keshatutoka? Mtoto wa chekechea anajua. Lakini Akelo alishalewa chuo, yeye aliona sanaa tu. Zikaanza kuingia imoji za mikono iliyounganishwa, na za machozi, moja juu ya nyingine. "Wameguswa," akajisemea, roho kwatu. Umeme ukakatika, simu ikaisha chaji, akalala usingizi wa mtu aliyefanikiwa.

Asubuhi aliamshwa na sauti ya viti vya plastiki vikipangwa.

Akachungulia dirishani. Jirani yao Nurdin alikuwa anafunga turubai uani, vijana wanapasua kuni, akina mama wanaingia na masufuria, kanga viunoni. Kiseke kwenye msiba hawana mchezo. Wakati wewe unauliza nani kafa, chai imeshachemka.

"Nani kafa?" akauliza Akelo, katoka na shuka lake.

Nurdin akamtazama kwa huruma. "Pole mwanangu. Tumeona ulivyotutangazia. Picha ya heshima kabisa. Mwili uko hospitali gani?"

Akelo akapaza sauti. "Hajafa! Mzee ni mzima! Ile ni picha tu!"

"Ni mshtuko huo," akasema mama mmoja. "Mkalisheni, mpeni maji."

Wakamkalisha. Kadiri alivyoapa, ndivyo walivyozidi kumpepea.

Katikati ya hayo Mzee Machibya mwenyewe akaingia getini. Alikuwa ameondoka alfajiri kwenda kufungua kibanda Mkuyuni, na huko mama muuza uji alipomwona alitupa bakuli akatoka mbio, hata shikamoo hakutoa. Mzee akaona siku imeanza na mkosi, akarudi. Alipokuta turubai kwake alivua kofia, akavuta kiti cha nyuma, akamnong'oneza aliyekaa mbele yake.

"Poleni sana. Nani katutoka?"

"Mzee Machibya," akajibiwa bila kugeukiwa.

"Loo! Machibya yupi?"

"Huyuhuyu fundi, mwenye nyumba."

Mzee akawaza kidogo. "Mbona mimi sikuambiwa?"

Yule mtu akageuka. Weee! Viti vilianguka, sufuria la chai likaenda na maji, na kuna mtu mzima, simtaji, aliruka ukuta ambao siku nyingine asingeupanda hata kwa ngazi. Waliobaki walibaki kwa mbali. Mzee akawaita kwa Kiswahili, akawaita kwa Kisukuma, hakuna aliyesogea. Akachukia kwelikweli.

"Haya, ningojeni hapo hapo!"

Akaingia ndani, akatoka amevaa suti ya njano.

"Semeni sasa! Marehemu gani anavaa hivi?"

Hoja ilikuwa nzito. Nurdin akasogea, akamgusa bega, akawatangazia wenzake, "Ni yeye. Ana joto."

Akelo, asijue pa kuipeleka mikono yake kwa aibu, akaingia chumbani akatoka na kamera. Ndipo basi dogo likasimama nje likamwaga akina mama wa Sengerema, waliovuka na kivuko cha kwanza, wote ndani ya kitenge cha sare cha kikundi chao, kijani na zambarau, wakilia kwa sauti ya kusikika ziwani. Mbele yao alikuwa Suzana, dada pekee wa Mzee. Hawa wawili walikuwa hawasemezani tangu Mzee alipomshonea binti wa Suzana gauni la harusi likambana. Suzana alisema gauni lina kosa. Mzee alisema gauni halina kosa, kilichozidi ni bibi harusi.

"Kaka yangu!" alilia Suzana, uso kaufunika kwa kanga. "Kila siku nasema nitakuja, nitakuja! Umeniacha na kiburi changu!" Akashusha kanga. Mbele yake ilisimama suti ya njano, kaka yake yumo ndani.

Akamzaba kofi. Kisha akamshika kola kwa mikono miwili, akamvuta, akicheka na kulia, kilemba kimedondoka, na wale wa kijani na zambarau wakawazunguka, vilio vikageuka vigelegele.

"Gauni lilikuwa zuri," Suzana alisema, uso kifuani kwa suti. "Mtoto ndiye aliyenenepa."

Akelo alikuwa anapiga picha tangu lile kofi. Machozi yalikuwa yanamtoka naye akapiga tu.

Wali wa msiba uliliwa kwa furaha, hakuna kilichotupwa. Watu walipopungua, Mzee akamwita Akelo. Akelo akapiga magoti.

"Baba, nisamehe."

"Hebu nione hiyo picha iliyoniua."

Akampa simu, umeme ulisharudi. Mzee akaisogeza karibu na macho, akapekua mabega kwa kidole.

"Kunifisha nimekusamehe," alisema. "Kufa ni kwa wote. Suti yangu umeipeleka wapi?"

"Ipo, Mzee. Niliondoa rangi tu. Mwalimu anasema rangi ni kelele."

"Kelele." Mzee akamrudishia simu. "Maisha yangu yote nawashonea watu, wakitoka wanasifiwa wao. Nimejishonea moja, ya kwangu. Mtu wa kwanza kuipiga picha, anaifuta."

Pale turubaini Akelo aliona aibu, lakini hii ilimchoma zaidi.

Jumamosi aliitoa ile picha ya uso kwenye jalada, akaweka mwanzoni picha ya kofi la Suzana, ikiwa na rangi zake zote. Mwalimu Jonathan alipita, akaona njano, akakohoa. Bi Shamsa alifungua majalada ya wengine, uso mweusi na mweupe baada ya uso mweusi na mweupe, hadi akauliza, "Jamani, chuo hiki mmefiwa?" Alipofika kwa Akelo akasimama. Akaisogeza picha kwenye mwanga.

"Suti hii kashona nani?"

"Mwenye nyumba wangu."

Bi Shamsa akaomba namba ya fundi, akashukuru, akaenda. Kuhusu mpiga picha hakutamka neno. Akelo alirudi Kiseke akiwa tayari ananusa dagaa.

Alimkuta Mzee barazani ndani ya suti ileile, maana tangu afufuke hakuivua, simu yake ya kitochi ikiwa sikioni. Mzee akamwashiria akae.

"Kushona nitashona, mama," alikuwa akisema kwenye simu. "Lakini nguo zangu atazipiga picha Akelo... Ndiyo, huyo huyo... Kwa sababu ameshanizika mara moja kwa kuniondolea rangi. Hatarudia... Haya, tumeelewana. Jumatatu tunakuja wote wawili." Akakata simu. "Mpigie baba yako, mwambie dagaa wapate mwanikaji mwingine."

Akelo alicheka, akalia, akapiga simu. Hata salamu hakuwahi kutoa.

"Akelo mwanangu!" ilikuwa sauti ya mzee Otuoma, ikisikika baraza zima, makelele ya stendi nyuma yake. "Nimeonyeshwa picha ya mwenye nyumba wako. Pole sana! Nimeshashuka hapa Nyamhongolo na gunia la dagaa la wafiwa. Njoo unipokee, ni zito."

Akelo akamtazama Mzee Machibya, mdomo wazi.

"Mwambie aje," alisema Mzee, akikunja mikono ya suti. "Marehemu ana njaa."